Dar ilinichosha, mchumba wangu anaililia

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Mtwara mjini, kazi yangu ufundi wa friji na viyoyozi. Naomba jina langu lisitoke kabisa. Hapa kijiweni barua zako zinasomwa kwa sauti na kila mtu anatoa hukumu yake, sasa wakijua hii ni yangu itabidi nitafute kijiwe kingine.

Niliishi Dar es Salaam miaka kadhaa, kisha nikarudi nyumbani. Mtaa mzima unaamini nilishindwa maisha. Shangazi, kula nilikuwa nakula, kodi nalipa, na mama nilikuwa namtumia. Nilirudi kwa sababu Dar inaboa. Basi, hilo tu. Ila ukisema hivyo mbele za watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, halafu mmoja anauliza kwa upole, "Kwani ulifukuzwa kazi?"

Nikueleze nilivyoishi. Nilipanga chumba Mbagala, upande wa Kongowe, kwa sababu ndiko nilikokuta ndugu zetu wa kusini na ndiko kodi ilikokuwa nafuu. Kazi zilikuwa Posta, Upanga, Masaki na Mikocheni. Naamka saa kumi alfajiri. Gari za Mbagala asubuhi unazijua, wengine wanapandia dirishani. Kazini tunashinda juu ya dari. Yale majengo marefu ya Posta ambayo watu wa huku wanayaona kwenye taarifa ya habari, mimi nimeyaingia mengi, lakini ninachokijua humo ni vumbi, nyaya, mabomba na panya. Bahari ya Dar nimeiona kupitia madirisha ya ofisi za watu. Narudi chumbani saa tatu, saa nyingine saa nne usiku. Jumapili nafua na kulala.

Simba na Yanga wakicheza Uwanja wa Mkapa, ambao kutoka Mbagala si mbali kihivyo, mimi nilikuwa kibanda umiza hapo mtaani, nimesinzia, naamshwa na kelele za goli. Nyumba ilikuwa na wapangaji wengi na tulichokuwa tunajuana nacho ni zamu ya kununua umeme. Kuna wakati niliumwa homa nikalala ndani siku kadhaa. Hakuna aliyegonga mlango. Sikuwalaumu, na mimi sikuwahi kugonga wa mtu.

Sasa niko Mtwara na naishi. Nahudumia majokofu ya wauza samaki kule feri, viyoyozi vya hoteli na maofisi, na msimu wa korosho wakulima wakishalipwa, friji zinanunuliwa na za zamani zinaletwa kutengenezwa. Jioni niko kijiweni. Mpira ukichezwa Nangwanda siukosi. Usiku tunashuka Shangani kula pweza wa moto, Jumapili tunavuka na pantoni kwenda Msangamkuu kuogelea na washkaji. Nikitoka nyumbani, hatua kumi tu nimeshasalimiwa na watu watano. Siku inakuwa na maana.

Shida yangu ni mchumba wangu. Ana miaka 25, kwao Newala, hapa mjini anaishi kwa baba yake mdogo Chikongola. Ni fundi cherehani wa nguo za kike, na ni fundi kweli. Mahari nimetoa nusu na ndoa tumepanga baada ya mfungo. Mwezi uliopita bosi wangu wa zamani alinipigia simu: amefungua karakana yake Tabata, anataka nikawe msimamizi wa mafundi. Mshahara anaoutaja unazidi ninachopata hapa hata msimu ukiwa mzuri. Mchumba alikuwa pembeni akasikia. Tangu siku ile hana wimbo mwingine.

Anasema Mtwara inaboa. Anasema akimaliza kushona anakaa anaangalia ukuta. Usiku yuko kwenye simu anaangalia mafundi wa Kariakoo wanavyoshona, watu wako Coco Beach, Daraja la Tanzanite limewashwa taa. Nikamwambia Dar inaboa kuliko huku. Akanijibu, "Mji wa watu zaidi ya milioni tano utaboaje?" Niliposhikilia, akanyamaza, halafu akasema, "Basi una mtu kule, hutaki nimjue." Sina mtu, Shangazi, naapa. Siku nyingine akasema wanaume tunapenda kuoa na kubaki kwetu ili tutawale vizuri. Hilo liliniuma.

Baba yake mdogo anasema mke humfuata mume, suala limekwisha. Mama yangu anasema nisithubutu, Dar itamharibu mtoto wa watu. Washkaji wanasema nauogopa mji. Bosi anataka jibu mwisho wa mwezi.

Naomba uniambie, Dar ndiyo inayoboa au mimi ndiye niliyeboa? Nikienda kwa ajili yake naogopa kuwa tena yule mtu wa kwenye daladala. Nikikataa naogopa atakaa na mimi huku moyo uko kwingine, au aondoke kabla hata hatujaoana.

Ni mimi fundi wa baridi, Ligula, Mtwara.

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Kwanza pole kwa ile homa. Umeiweka katikati ya barua kana kwamba ni jambo dogo, ukaipita haraka ukaenda kwenye mambo ya pweza. Mimi nilisimama hapo. Kijana anayelala ndani mgonjwa bila mlango kugongwa, akapona mwenyewe akaamka saa kumi kwenda kugombea gari, huyo hajashindwa maisha. Ameishi maisha magumu na hakuyapenda. Una haki ya kutoyapenda na hudaiwi maelezo na mtaa.

Kama nimekuelewa, una mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Moja ni la mji: uliishi Dar ukaiona haina ladha, mwenzako hajaishi na anaiona tamu. La pili ni lenu ninyi wawili: yeye anahisi unamficha kitu, wewe unahisi anakuita mtawala. Umeniuliza la kwanza. Nitalijibu kwa kadiri ninavyoweza, lakini la pili ndilo lililonikosesha usingizi.

Hebu rudia sehemu uliyoeleza raha za Mtwara. Kijiweni. Nangwanda. Pweza Shangani usiku. Pantoni na washkaji. Mwanangu, mchumba wako yuko wapi humo? Sikulaumu, kwa mila zetu na kwa kuwa hamjaoana, hukutarajiwa kutembea naye usiku. Lakini tazama jambo lenyewe. Mtwara unayoisifu ni Mtwara ya mwanamume. Mji umekupa baraza, umekupa uwanja, umekupa ufukwe baada ya giza kuingia. Yeye akikaa Shangani saa mbili usiku na sahani ya pweza, kabla hajafika Chikongola baba mdogo ameshajua alikula vipande vingapi na alikaa karibu na nani.

Umesema hatua kumi umesalimiwa na watu watano. Kwako zile ni salamu. Binti akipiga hatua hizohizo anakutana na macho yaleyale matano, na huenda yeye anasikia maswali: unatoka wapi, unaenda wapi, mbona umevaa hivyo, ndoa lini. Anayesema anaangalia ukuta, inawezekana ukuta ndicho kitu pekee kisichomwangalia. Simjui, huenda nakosea. Lakini aliposema mnapenda kubaki kwenu ili mtawale, ningekuwa wewe nisingelipita neno hilo kwa sababu tu limeuma. Ningemuuliza: nani anakutawala sasa hivi, na unadhani Dar utapumua vipi?

Nije kwenye Dar yenyewe. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mle, kwa hiyo mwenzako yuko sahihi kwa hesabu. Mkoa wetu wote, kuanzia hapa mjini mpaka Newala, Masasi na Nanyumbu, ni kama milioni 1.6. Lakini katika hao milioni tano, wangapi wako Coco Beach jioni ya leo? Wengi wako pale ulipokuwa wewe, mguu mmoja ndani ya gari na mwingine nje. Mji mkubwa una kila kitu, ila unakutoza kwanza: nauli, saa za njiani, nguvu za mwili. Ukishalipa hivyo vyote ndipo unaruhusiwa kuingia kwenye raha zake, na wewe kila siku ulikuwa unafika mlangoni mfuko na mwili vimeshakwisha. Kulala Kongowe na kufanya kazi Masaki ni kulivuka jiji zima asubuhi na kulivuka tena usiku. Kwa maisha hayo hata Mtwara ingekuboa.

Kwa hiyo swali lako, "Dar inaboa au mimi?", naona limekosa mtu wa tatu, nayo ni barabara. Hujawahi kuishi Dar ambayo kazini unakwenda kwa miguu. Hujawahi kuwa huko na mtu wa kula naye. Hujawahi kuwa na Jumapili yenye pesa na usingizi wa kutosha kwa pamoja. Huijui Dar hiyo, na wala mwenzako haijui.

Lakini sitaki kukudanganya kwamba kosa lote ni la foleni. Kuna watu wanapenda kutojulikana. Wanapita katikati ya umati wa Kariakoo wakiwa wamepumzika, kwa kuwa hakuna anayewauliza kitu. Na kuna watu ambao wasiposalimiwa wanahisi hawapo. Kwa barua yako wewe unaelekea kuwa wa hawa wa pili, na mchumba wako, sijui, pengine wa wale wa kwanza. Si ugonjwa kwa upande wowote. Ila ni jambo la kulijua kabla ya ndoa, maana hata mkibaki Mtwara litawafuata ndani ya nyumba: wewe utataka wageni barazani kila jioni, yeye atataka mlango ufungwe.

Kuhusu hao wanaosema umeushindwa mji, nakumbuka zamani kidogo. Kabla ya Daraja la Mkapa pale Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, watu walisubiri pantoni Ndundu, na masika gari zilizama kwenye tope siku nzima, mara nyingine siku kadhaa, abiria wanasukuma. Aliyefika Dar na kurudi alikuwa na hadithi za mwaka mzima. Heshima ile imebaki vichwani mwetu ingawa leo basi linaondoka hapa alfajiri na jioni uko Mbagala. (Barabara nayo hutukumbusha kiburi chetu: Mei 2024 mvua ziliikata kule Somanga, watu wakakwama kama enzi za bibi.) Kwa kipimo hicho cha zamani, aliyerudi Mtwara kwa hiari yake haeleweki. Kijiwe chako kinakupima kwa mzani huo, wapuuze taratibu. Ila umbali usiupuuze. Zaidi ya kilomita 550 ni safari, na una mama hapa.

Sasa mchumba wako na simu yake. Ni kweli hakuna anayerekodi Rangi Tatu kule Mbagala saa kumi na moja alfajiri akaweka muziki mtamu juu yake. Dar anayoiona imechujwa. Lakini usikimbilie kumcheka, kwa sababu mwenzako ana sababu ambayo wewe umeitaja kwa mstari mmoja ukaiacha: ni fundi. Fundi wa nguo za kike akiwa Mtwara anaagiza vitambaa Kariakoo, anasubiri mzigo wa basi, ukifika mshono umeshavaliwa Dar na umeshachosha. Wateja wake wanachangamka korosho zikishauzwa, yaani kuanzia Oktoba hivi mpaka pesa ya mnada iishe mifukoni, na wakati wa harusi na sikukuu. Miezi mingine ni kurefusha sketi na kubadilisha zipu. Anaposema Mtwara inaboa, huenda anakwambia kwamba mikono yake ina uwezo kuliko kazi zinazoletwa. Kwa mtu mwenye ufundi hilo linauma, na wewe fundi mwenzake ungepaswa kulisikia haraka kuliko mimi.

Upande wa pili wa jambo hilo nao anapaswa kuambiwa. Kariakoo vitambaa vipo na mafundi wapo, tena wamejaa, bei wanaangushana, na kodi ya frem haina huruma. Hapa anajulikana, akikosea mshono mteja anarudi kumwambia. Kule mteja haonekani tena. Ungemuuliza, kwa nia ya kusikia: Jumanne ya kawaida ukiwa Dar, saa nne asubuhi, unajiona uko wapi unafanya nini? Usimuulize Jumamosi usiku, hiyo kila mtu anaijua. Muulize Jumanne. Ukimaliza, jiulize na wewe Jumanne yako ya Mtwara baada ya miaka mitano, una mke na watoto wawili. Kijiwe kitakuwepo? Wenzako watakuwa wameoa, mmoja yuko Masasi, mwingine, yule aliyekucheka uliporudi kutoka Dar, amekwenda hukohuko. Mtwara unayoipenda ina umri wako ndani yake.

Na mji wenyewe haukai mahali pamoja. Uliona miaka ile ya gesi: wageni, nyumba za kulala wageni zikaota, kodi zikapanda, tukaambiwa tutakuwa hatushikiki. Kisha mwaka 2013 tukaona na vurugu, na baadaye wageni wakapungua, vyumba vikabaki. Mji unaweza kuchangamka na watu wake wasichangamke. Newala kwenyewe, binti anayetoka kule juu akishuka Mtwara kwa mara ya kwanza, anaona amefika mjini: bahari, meli bandarini, taa. Muulize mchumba wako miezi yake ya kwanza hapa ilikuwaje na msisimko ulimwisha lini. Muulize bila mtego. Akikujibu kwamba haukuisha mpaka alipoanza kuchungwa, utakuwa umejifunza jambo. Akikujibu uliisha wenyewe, atakuwa amejifunza yeye.

La "una mtu kule", nadhani ninaona lilikotoka. Mimi umeniambia kuhusu dari, panya, kibanda umiza na homa. Yeye umemwambia neno moja: inaboa. Mtu aliyekaa mahali miaka kadhaa akarudi na neno moja, msikilizaji lazima atajazia mwenyewe, na binti mwenye wivu kidogo atajazia mwanamke. Umeficha, mwanangu, ila ulichoficha ni upweke. Labda uliona aibu, labda uliona mwanamume hasemi hivyo mbele ya mchumba. Mpe hadithi nzima kama ulivyonipa mimi. Kuna hatari ndogo: anaweza kukuonea huruma wakati ulitaka akuone shujaa.

Sasa njia zilizopo. Mnaweza kubaki, lakini si kwa Mtwara hii aliyonayo yeye. Mkishaoana hatakuwa tena chini ya baba mdogo, na hilo peke yake ni badiliko kubwa ambalo huenda ninyi wawili hamjalipima. Anaweza kuwa na frem yake karibu na soko, anaweza kwenda Kariakoo mara chache kwa mwaka kuchagua vitambaa mwenyewe, mnaweza kwenda huo ufukwe pamoja. Angalizo langu: ukimpa frem kama peremende ya kumnyamazisha ataijua ladha yake. Na usisahau kuna mama yako, ambaye ameshaamua kwamba mji utamharibu. Yale macho matano yanaweza kuhamia nyumbani kwako.

Mnaweza kwenda. Kama ni kwenda, barua yako yenyewe inakuonyesha maswali ya kumuuliza bosi kabla ya kuzungumzia mshahara. Msimamizi analala saa ngapi? Anashinda karakanani Tabata au anazunguka Masaki na Mikocheni kufuata mafundi? Simu ya mteja aliyekatikiwa baridi usiku inapokelewa na nani? Karakana ikiwa Tabata, msipange Mbagala kwa sababu ya unafuu na kwa sababu ndugu wako huko. Ingawa Barabara ya Kilwa sasa imejengewa njia ya mwendokasi, bado utakuwa umejirudisha kwenye safari ileile. Tafuta Tabata hukohuko, au Segerea, au Kinyerezi, ambako gesi yetu ilitutangulia kwa bomba. Kodi itakuwa juu zaidi. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita mkononi, dalali naye anataka ya mwezi wake, na bado hujanunua hata kapeti. Kwa kijana ambaye mahari bado anadaiwa nusu na harusi iko mbele, hilo si jambo la kusema tutajua hukohuko. Pigeni hesabu pamoja, yeye akishika kalamu.

Mnaweza kupeana muda, mseme tunajaribu halafu tunakaa chini tunaangalia. Napenda wazo hilo na pia naliogopa. "Tunajaribu mwaka mmoja" nimeiona ikizaa watoto wanaosoma shule za Dar na baba yao bado anasema yuko njiani kurudi. Na wateja wako wa feri hawatakusubiri, samaki hawajui kusubiri fundi. Kama mtakubaliana hivyo, semeni mapema ni nini kitakachowafanya mrudi. Kwako pengine ni kurudi nyumbani usiku wa manane kila siku. Kwake pengine ni cherehani kukaa bila kazi. Kila mmoja aseme lake na mwenzake asilicheke.

Kuna ile ya wewe kutangulia na yeye kubaki mpaka mambo yatengemae. Watu wa kusini tumeifanya sana. Kwa wewe uliyelala mgonjwa peke yako, na kwa yeye ambaye tayari anahisi kuna mtu kule, naitaja ili usiseme sikuitaja.

Na kuna kwenda kuonja tu. Kama ana ndugu wa kike wa heshima Dar, baada ya ndoa akakae kwake wiki kadhaa, wakati wa kazi na si wa sikukuu, apande hizo daladala, azunguke Kariakoo aone frem na bei zake. Dar ya mgeni si Dar ya mpangaji, hilo mlijue wote wawili, mgeni anapikiwa. Na ukimpeleka ukitumaini ataichukia, itakuwa mtihani wa hila. Je, akirudi macho yanang'aa, uko tayari kumsikiliza?

Mimi sitakuambia nenda wala baki. Baba mdogo ameshatoa hukumu, mama yako ametoa yake, kijiwe nacho kimetoa. Anayesubiriwa ni mtu mmoja ambaye hajaulizwa sawasawa.

Mwisho wa mwezi ni tarehe ya bosi. Harusi ni tarehe yenu. Mpigie bosi umwombe akungoje mpaka baada ya mfungo. Kama ufundi wako anauthamini kama anavyosema, atakuambia anaweza kungoja au hawezi, na jibu lake lenyewe litakuonyesha atakuwa bosi wa namna gani ukishakuwa na familia. Halafu Jumapili hii usiende Msangamkuu na washkaji. Mwombe baba mdogo ruhusa, mvuke na mchumba wako, na mdogo wake wa kike awafuate ili pasiwe na la kusemwa. Na usianze kwa kuitetea Mtwara.